Rimu si pambo: Mfanyabiashara, soma namba kabla ya kulipa

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda

RIMU za mitumba kutoka Japani zikishushwa Mombasa au Dar es Salaam, safari yake huwa bado mbichi. Nyingine huishia Gerezani, Kariakoo, nyingine Kirinyaga Road jijini Nairobi, nyingine huvuka Busia au Rusumo kufuata wateja wa Kampala na Kigali. Wengi huzinunua kwa macho: inchi ngapi, tundu ngapi, zinang'aa vipi.

Kwa gari la kwenda kazini, kosa la kununua kwa macho humgharimu mfanyabiashara nauli ya kurudisha mzigo. Kwa gari la spoti linalokimbizwa kwenye uwanja wa mbio, kosa hilo hilo linaweza kumgharimu dereva maisha. Sababu ni moja: ndani ya rimu ndimo inamokaa breki, na breki ya uwanjani ni tanuri.

Joto linatoka wapi

Chukua Fuji Speedway, uwanja ulio chini ya mlima Fuji, katika nchi yanakotoka mengi ya magari haya. Mzunguko wake una kilomita 4.563, na sehemu yake iliyonyooka ina urefu wa karibu kilomita 1.5. Mwisho wa mnyooko huo kuna kona kali ya kulia. Gari la kilo 1,400 likipunguza mwendo kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80, breki humeza nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji ya kawaida. Kazi hiyo hufanyika kwa takriban sekunde nne, kisha hurudiwa kila mzunguko.

Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo maana breki isiyo na kasoro yoyote mjini huweza kushindwa uwanjani baada ya mizunguko michache tu.

Hushindwa kwa njia mbili. Ya kwanza, pedi hupita kiwango chake cha joto na kuteleza juu ya diski: dereva anakanyaga, pedali ni ngumu, lakini gari halishiki. Ya pili ni mbaya zaidi. Mafuta ya breki huchemka, mvuke unaingia kwenye mirija, na pedali inazama hadi sakafuni.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Kwa viwango vya kimataifa, DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Muuza spea anayepima mafuta kutoka kopo lililokaa wazi tangu mwezi uliopita anauza hatari, hata kama jina lililo kwenye kopo ni la kuaminika.

Tundu tano hazitoshi

Toyota Wish na Subaru Impreza nyingi zina bolti 5 kwenye duara la milimita 100. Kwa macho, rimu zake ni ndugu. Lakini tundu la katikati la rimu ya Wish ni milimita 54.1, na habu ya Subaru ni 56.1. Haiingii. Ukigeuza, rimu ya Subaru itaingia kwenye Wish na kubakiza nafasi ya milimita 2. Bila pete ya kuziba nafasi hiyo gurudumu linaweza kukaa nje ya kati, usukani ukatetemeka, na lawama zikaenda kwa breki.

Nati nazo zina mtego wake. Zote ni za milimita 12, ila uzi wa Toyota ni 1.5 na wa Subaru ni 1.25. Kulazimisha nati kwa spana ya upepo ni kuharibu uzi.

Hata kusema "rimu ya STI" hakutoshi. Impreza WRX STI za hadi 2004 zilitumia duara la milimita 100. Modeli ya 2005 ilihamia 114.3. Anayeagiza kwa simu bila kutaja mwaka anacheza bahati nasibu.

Halafu kuna kalipa. Kalipa kubwa za Brembo kwenye STI zinahitaji rimu ya kuanzia inchi 17, na si kila ya inchi 17 inazipisha. Mkunjo wa mikono ya rimu ndio unaoamua. Ofseti, namba inayoandikwa baada ya herufi ET, nayo husogeza gurudumu: ikiwa kubwa gurudumu huingia ndani, ikiwa ndogo hutoka nje.

Wengine humaliza tatizo kwa spesa. Lakini spesa ikiwekwa kwenye stadi zile zile, nati hushika uzi mchache zaidi, na kwenye kona za kasi stadi ndizo zinazobeba adhabu. Rimu iliyozibwa uso nayo hupunguza njia ya hewa moto kutoka, ilhali diski yenye matundu ya ubavuni hupoa kwa kuvuta hewa kutoka katikati na kuisukuma nje.

Kabla ya kulipa

Muulize mteja modeli na mwaka wa gari, na kama breki ni za kiwandani. Pima duara la bolti, tundu la kati na ofseti; mara nyingi namba hizo huwa nyuma ya rimu. Uliza aina ya nati. Kagua nyufa, hasa kwenye matundu ya bolti. Upande wa usukani usikusumbue: rimu iliyotoka kwenye gari la usukani wa kulia hukaa vilevile kwenye gari la Kigali au Bujumbura.

Mteja anayekwenda uwanjani muuzie mafuta mapya yaliyofungwa na pedi za kuhimili joto. Mkumbushe kumaliza na mzunguko mmoja wa polepole, asivute breki ya mkono diski zikiwa za moto, wala asizimwagie maji.

Na asiyewahi kuona uwanja wa mbio asijione yuko salama. Dereva wa lori anayeteremka Kitonga na mzigo, mguu juu ya breki badala ya kutegemea gia ndogo, anapika pedi zake kwa moto ule ule.