Mtungi wa chakula unaomshinda dubu, na jinsi ya kuuchagua

MSAFIRI anayebeba chakula chake mgongoni na kulala hemani katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California nchini Marekani, hulazimika kujibu swali ambalo mpanda Mlima Kenya hajapata kuulizwa: usiku ukiingia, chakula hiki utakiweka wapi ili dubu asikifikie?

Huku kwetu mpiga kambi huhofia nyani, tumbili na pimbi wanaodokoa mabaki. Dubu tunamsikia katika majina ya nyota na katika masimulizi ya chemosit, yule mnyama wa Nandi ambaye Wazungu wa enzi za ukoloni walimwita dubu ingawa hakuna aliyewahi kuleta ngozi yake. Lakini Wakenya wanaosoma au kufanya kazi Amerika Kaskazini si haba, na mwaliko wa marafiki wa kwenda kutembea nyikani kwa siku tatu au nne huwafikia mapema kuliko walivyotarajia.

Chanzo cha swali lenyewe ni pua na tumbo. Dubu hunusa chakula kutoka mbali mno, na kwake yeye chakula si nyama na asali pekee. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujikinga na jua, sufuria isiyooshwa na hata karatasi ya peremende, vyote humwita. Majira ya baridi yanapokaribia na akawa anajiwekea mafuta mwilini, dubu anaweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku. Kopo moja la siagi ya njugu humpa kwa dakika chache kile ambacho matunda ya mwituni humpa kwa saa nyingi za kuhemera.

Tabia ya kuhemera kambini, binadamu ndiye aliyemfunza. Katika mbuga ya kitaifa ya Yosemite, dubu walikuwa wakilishwa takataka za jikoni mbele ya watalii, taa zikiwamulika, hadi mtindo huo ulipokomeshwa mwaka wa 1940. Majaa ya wazi yaliendelea kuwapo hadi 1971. Dubu waliokulia majaani hawakurejea msituni kuchimba mizizi. Walihamia kambini na kwenye magari. Mwaka wa 1998 pekee, zaidi ya visa 1,500 vya dubu viliripotiwa Yosemite na hasara ikapita dola 600,000, nyingi zikiwa za milango na madirisha ya magari yaliyong'olewa kwa ajili ya masalio ya vitafunio.

Kulikokuwa na hasara kubwa zaidi ni kwa uhai. Usiku wa kuamkia Agosti 13, 1967, katika mbuga ya Glacier, Montana, wanawake wawili vijana waliuawa na dubu wawili tofauti, mahali pawili palipo mbali. Dubu wa sehemu hizo walikuwa wamezoea mabaki na takataka za watu. Na dubu naye haponi: akishazoea chakula cha binadamu huacha woga, na akianza kuingia mahemani, aghalabu walinzi wa mbuga huishia kumuua. Kwa hiyo anayelalamika kwamba sheria inamtwisha mzigo wa kilo moja zaidi na akumbuke kwamba si chakula chake tu kinacholindwa.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kamba. Msafiri alitafuta tawi refu, akarusha kamba na kuuning'iniza mfuko wa chakula takriban mita nne kutoka ardhini na mita mbili kutoka shinani. Kwa maandishi ni jambo jepesi. Jioni, giza likiingia, mikono ikiwa imekufa ganzi na miti yote ikiwa na matawi mafupi, ni kazi ya kumliza mtu. Isitoshe, dubu wa Sierra Nevada waliusoma ujanja huo wakauhitimu: walikata kamba, walivunja matawi, na mama dubu walipandisha watoto wao wepesi kwenye tawi lisiloweza kuwabeba wao wenyewe. Siku hizi Yosemite hairuhusu kabisa chakula kining'inizwe.

Badala ya kamba pakaja chombo kigumu ambacho mbuga ya Denali, Alaska, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukisisitiza katika miaka ya 1980. Kwa kuwa sijaona neno lililozoeleka la chombo hiki, nitakiita mtungi, maana umbo lake halitofautiani sana na mtungi mdogo wa gesi. Ni mviringo, hauna mpini wala ukingo wa kushika, nao ni mnene kiasi kwamba taya la dubu haliwezi kuufumbata. Nguvu zake ziko hapo: dubu huubingirisha, huurukia, huulamba, kisha huchoka akaenda zake.

Je, msafiri achague upi?

La kwanza si bei wala uzani, bali ni sheria ya mahali anapokwenda. Ndani ya nyika yote ya Yosemite mtungi ulioidhinishwa ni lazima, na anayehifadhi chakula ovyo katika mbuga hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000. Mifuko laini ya nyuzi ngumu kama ile ya Ursack, ambayo hufungwa shinani mwa mti, ni myepesi na inapendwa na wengi, lakini Yosemite haiitambui. Hata inaporuhusiwa, ina kasoro moja: dubu hushindwa kuirarua ila huiponda, na asubuhi mwenyewe hukuta uji wa biskuti na mate. Yellowstone, kwa upande wake, imesimika nguzo za kuning'inizia chakula katika vituo vingi vya kambi. Kwa hivyo swali la kwanza aulizwe afisa anayetoa kibali, kabla ya muuza duka.

Neno "imeidhinishwa" nalo lina uzito wake. Kamati inayoshughulikia dubu aina ya grizli nchini humo hukubali chombo baada ya kujazwa chakula na kukabidhiwa dubu halisi katika kituo kimoja cha West Yellowstone, Montana. Kikistahimili dakika 60 za kung'atwa na kukwaruzwa bila kufunguka, kimefaulu. Baadhi ya watahini hao wako kifungoni kwa sababu wao wenyewe waliwahi kuponzwa na chakula cha watu.

Hata hivyo, cheti si kinga ya milele. Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, ambako mitungi ililazimishwa upande wa mashariki wa vilele vya juu mwaka wa 2005, alitokea dubu jike aliyeitwa Yellow-Yellow kwa ajili ya vibandiko viwili vya manjano masikioni mwake. Alikuwa mdogo wa umbo na mwenye haya. Alijifunza kubonyeza kwa jino kile kijino cha plastiki kinachozuia kifuniko cha BearVault kisizunguke, kisha akakizungusha. Kampuni iliongeza kijino cha pili. Naye akakifungua hicho pia. Aliuawa na mwindaji mwaka wa 2012.

Baada ya sheria ndipo tufikirie ukubwa. Mtungi wa Garcia, mkongwe wa soko hili, hubeba lita 10 hivi na una uzani wa takriban kilo 1.2, hufunguliwa kwa kuzungusha komeo kwa sarafu, kwa hivyo usisahau sarafu. BearVault BV500 hubeba lita 11.5 kwa uzani unaokaribia huo, unapitisha mwanga na hauhitaji sarafu, ingawa kifuniko chake huwa kigumu kwa vidole vyenye baridi. Mitungi ya Bearikade ya nyuzi za kaboni ni myepesi zaidi kwa ujazo wake, lakini bei yake ni mara kadhaa ya hiyo mingine. Kwa safari moja sioni haja ya kununua: Yosemite hukodisha mitungi kwa ada ndogo katika vituo vya kutolea vibali.

Lita 10 zinamtosha mtu mmoja siku tano au sita akijua kupakia. Vunja maboksi, toa hewa katika mifuko, bana. Hapa Mkenya ana bahati, maana unga wa sima, njugu na wali mkavu hujaza kila pembe, na chapati hukunjwa zikalala kimya. Mkate wa kuoka na viazi vya pakiti ni kununua hewa. Omena ningemshauri aziache nyumbani. Mtungi hauzuii harufu, na hilo wengi hawalijui.

Usiku mtungi uwekwe chini, umefungwa, umbali wa mita 30 hivi kutoka hemani, kando ya kichaka au jiwe kubwa litakalouzuia kubingirika mbali. Usiwe karibu na mto wala ukingo wa korongo. Usifungwe kamba, kwa sababu kamba humpa dubu mpini wa kuuburura hadi asikojua mwenyewe. Dawa ya meno iwemo ndani pamoja na taka zote za siku hiyo. Na ikisikika sauti ya kitu kigumu kikigonga mawe gizani, mwache mgeni afanye jaribio lake.