Shahada Mbili kwa Miaka Mitano: Mpango Huu Wamfaa Nani?

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikisha, hunijia vijana wenye barua za vyuo vya Marekani, wakiniuliza maana ya mpango wa “tatu na mbili”.

Maana yake ni hii. Mwanafunzi husoma miaka mitatu katika chuo kidogo kifundishacho sayansi, lugha, historia na falsafa, kisha miaka miwili katika chuo kikuu chenye kitivo cha uhandisi. Mwishoni hupata shahada mbili, moja kutoka kila chuo. Mfano mashuhuri ni ule wa mji wa Atlanta, ulioanza mwaka 1969. Vijana wa vyuo vya Waamerika weusi mjini humo, kikiwamo Morehouse, walifunguliwa mlango wa Georgia Tech, chuo ambacho hakikuwa kimepokea mwanafunzi mweusi hata mmoja kabla ya mwaka 1961. Mpango huo uliziba pengo la kweli, na hadi leo upo.

Hata hivyo, mwombaji hana budi kuitazama hisabati kwanza. Kalkulasi husomwa kwa hatua, aghalabu mihula mitatu, kisha hufuata milinganyo ielezayo jinsi vitu vinavyobadilika. Hatua ya pili haianzi kabla ya kwanza kumalizika. Hiyo ni mihula minne kati ya sita iliyopo, na fizikia ya mwendo na ya umeme huitegemea. Mwanafunzi mwenye msingi dhaifu, akilazimika kurudia aljebra mwaka mzima, hana tena muhula wa akiba. Akianguka somo moja tu, mwaka wa tatu utakwisha kabla hajastahili kuvuka. Aliyesoma fizikia, kemia na hisabati hadi kidato cha sita ana nafuu, nami humwamini zaidi mwalimu wake wa hisabati kuliko cheti.

Na kuvuka kwenyewe si haki ya kila mtu. Chuo cha pili huweka kiwango cha alama, na vingine huwachagua waombaji upya. Asiyevuka humaliza mwaka wa nne alipo, akapata shahada ya fizikia au hisabati. Ni shahada njema, lakini si ya uhandisi.

Kuna pia gharama. Mwaka wa tano una ada yake, na msaada wa chuo cha kwanza kwa kawaida haumfuati mwanafunzi katika cha pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humfundisha mhandisi kwa miaka minne. Ajuaye tangu sasa kwamba ataka madaraja na mabwawa tu, sioni sababu ya kumzungusha. Lakini yule atakaye kusanifu miradi ya maji na kuuelewa pia uchumi wa wanakijiji watakaoyateka, huyo miaka mitano haitampotea.

Kabla ya kutia saini, na akiandikie chuo akiuliza: katika miaka mitano iliyopita, ni wangapi walioanza mpango huu, na ni wangapi waliovuka? Aombe jibu la tarakimu.