Metro haina konvwayeri: tujifunze kubadilisha treni mjini Bruxelles

Wengi kati yetu tuna mtoto, dada au shemeji anayeishi Bruxelles, kule Ubelgiji. Visa ikitoka, mama anakwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua, ao anakwenda kutafuta matibabu. Akirudi tunasikia habari ileile: alikaa Ulaya karibu siku zote 90 za visa, lakini hakutoka nyumbani ila siku mkwe alipopata nafasi ya kumsindikiza. Kanisa hakufika, soko hakuliona, ndugu zake wa mtaa wa pili hakuwasalimia.

Kinachomfunga ndani si baridi peke yake. Ni woga wa metro, na zaidi woga wa kile kituo kikubwa ambamo watu wanaacha treni moja na kupanda nyingine. Tunasema wazi: jambo hili linaweza kufundishwa, hata kwa mama asiyesoma sana, na litafundishwa vizuri zaidi hapa nyumbani kabla ya safari.

Metro ni treni ya umeme inayopita kwa sehemu kubwa chini ya ardhi. Ile ya Bruxelles ilifunguliwa mwaka 1976. Mlango wa kituo unajulikana kwa herufi M nyeupe juu ya rangi ya buluu. Laini zake ni nne tu, na kila moja ina namba na rangi yake: 1 ni zambarau, 2 ni rangi ya chungwa, 5 ni njano, 6 ni buluu. Anayejua namba hizo nne na rangi hizo nne ameshapata nusu ya somo.

Nusu ya pili ndiyo inayosumbua watu. Kwetu Bukavu, ukibadilisha gari pale Nyawera, konvwayeri anaita kwa sauti: Kadutu, Kadutu! Panzi, Panzi! Sikio ndilo linalokuongoza. Metro haina konvwayeri. Kazi yake inafanywa na jina lililoandikwa mbele ya treni na juu ya mahali pa kupandia: jina la kituo cha mwisho. Laini moja inakwenda pande mbili, na jina hilo ndilo linaloonyesha upande. Basi mama asiulize tu, « Treni iko wapi? » Aulize mambo matatu: namba gani, upande wa kituo gani cha mwisho, na nitashuka kituo cha ngapi?

Tuchukue mfano mmoja. Mama amefika na treni ya uwanja wa ndege kwenye Gare Centrale, na anataka kwenda Matonge, mtaa wenye maduka mengi ya Wakongomani, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Kituo chake ni Porte de Namur. Mwana wake amwandikie karatasi hii:

Kwanza: Gare Centrale, laini 1 ao 5, upande wa Stockel ao Herrmann-Debroux. Shuka kituo cha 2, Arts-Loi.

Pili: Arts-Loi, laini 2 ao 6, upande wa Simonis ao Roi Baudouin. Shuka kituo cha 2, Porte de Namur.

Arts-Loi ndicho kituo cha kubadilishia. Laini 1 na 5 zinapita ghorofa moja, laini 2 na 6 ghorofa nyingine. Mama akishuka, asifuate kundi la watu, kwa sababu wengi wanatoka nje. Asimame pembeni kwanza, avute pumzi, kisha atafute namba 2 na 6 kwenye vibao na kufuata mishale. Kwenye ngazi zinazojiendesha, anayesimama anakaa upande wa kuume, ili wenye haraka wapite kushoto.

Asishangae kuona vituo vingi vina majina mawili. Mji ule una lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi. Arts-Loi ni pia Kunst-Wet, na Porte de Namur ni pia Naamsepoort. Kituo ni kilekile.

Na akipanda upande usiofaa? Hakuna msiba. Ashuke kituo kinachofuata, atafute treni ya upande wa pili, arudi. Treni nyingine itakuja. Hakuna sababu ya kukimbia wala kujitupa mlangoni unapofungwa. Tiketi aitunze mpaka afike nje, maana wakaguzi wanaweza kuiomba. Mkoba aubebe mbele, kama tunavyofanya siku ya soko.

Mwenye watoto ao wajukuu awape sheria moja kabla ya kuingia: mlango ukitutenganisha, wewe uliyebaki kituoni usitembee, ungoje hapohapo, wewe uliyeondoka na treni, shuka kituo kinachofuata na ungoje palepale uliposhukia. Mtu mkubwa ndiye atakayemfuata mtoto. Bila sheria hiyo, wote wawili wataanza kutafutana na watapishana.

Kuuliza si ujinga. Mama wa Kongo mwenye Kifaransa kidogo atajibiwa mjini kule. Amwendee mfanyakazi mwenye sare, ao mama mwenye mtoto, amwonyeshe karatasi yake.

Katika mkutano ujao wa vikundi, tunapendekeza zoezi. Chora chini kwa chaki laini mbili zinazokutana, moja ya njano na moja ya buluu. Andika majina ya mwisho kwenye ncha zote nne, kisha kila mama atembee kutoka Gare Centrale mpaka Porte de Namur, na arudi. Kwenye kurudi ndiko utajua nani ameelewa, kwa sababu majina ya mwisho yanabadilika: kutoka Porte de Namur anatafuta Elisabeth, na pale Arts-Loi anatafuta Gare de l'Ouest ao Erasme.

Mama anayeweza kwenda na kurudi peke yake hangoji ruhusa ya mkwe ili amsalimie dada yake. Na binti aliyejifungua atakuwa amepata msaidizi kweli, si mgeni wa kusindikizwa.