Kupunguza Uzito Kunaanzia Kwenye Chupa ya Mafuta

Wengi wanaokuja kwetu maafisa lishe wakitaka kupungua huwa wameshaanza kabla ya kufika. Wameacha ugali. Wengine wameacha na wali, viazi na mihogo, wanashinda na matango na maji ya ndimu, na wiki ya kwanza mizani imewapa moyo: kilo mbili, hata tatu, zimeondoka. Ikifika wiki ya tatu mizani imegoma, kichwa kinauma, hasira ziko karibu, na siku ya shughuli wanakula sahani mbili kufidia. Uzito unarudi wote, na mtu anajiambia kwamba mwili wake ndivyo ulivyoumbwa.

Mwili huo hauna kosa. Wanga tunaokula ukishasagwa tumboni huwa sukari, na sehemu ya sukari hiyo huwekwa akiba kwenye ini na misuli kwa jina la glaikojeni. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Ndizo zile kilo za wiki ya kwanza. Mafuta yenyewe hayana haraka hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori zipatazo 7,700, kwa hiyo ukitaka kuimaliza kwa wiki mbili lazima upunguze kama kalori 550 kila siku. Ndiyo maana tunasema nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kilo nzima kwa mwenye mwili mkubwa. Anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi anakuuzia kupotea kwa maji, au anakuuzia jambo baya zaidi ambalo nitalifikia.

Kalori 550 tuzitafute wapi? Mimi huanzia kwenye vinywaji, kwa sababu havishibishi. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hadi 40, yaani kama vijiko tisa vya chai. Chai ya vijiko vitatu, ikinywewa asubuhi na jioni, inaongeza karibu kalori 100. Bia ya nusu lita ina 200 au zaidi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 5 ni vijiko sita vya chai tu, na soda moja imeshavipita. Si lazima uache sukari kwa siku moja. Punguza kijiko kimoja kwenye chai, kaa hivyo wiki mbili, kisha punguza kingine. Ulimi huzoea, na baada ya muda chai ya zamani utaiona kama uji wa sukari.

Lakini jambo ninalotaka msomaji alishike leo ni mafuta ya kupikia. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120. Sasa simama jikoni utazame mchuzi unavyoanza: sufuria imepata moto, chupa inainamishwa, mafuta yanamiminwa mpaka yatandae chini yote, kisha yanaongezwa kidogo ili kitunguu kisishike. Hakuna aliyepima. Ukiyachota mafuta yale kwa kijiko utakuta vitano, sita, pengine nane, na bado mboga ya majani inasubiri mafuta yake.

Kuna hesabu nyepesi ambayo nyumba yoyote inaweza kuifanya. Siku unapofungua chupa ya lita moja, andika tarehe kwenye lebo. Siku inapoisha, andika tena. Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000. Kwa nyumba ya watu wanne, ikiisha kwa siku tano, kila mmoja amekula kalori zaidi ya 400 kwa siku kutokana na mafuta peke yake, kabla hatujahesabu andazi la barabarani. Chupa hiyo ikikaa siku kumi, kila mtu amepunguza 200 bila kubadilisha chakula chenyewe. Mnaonunua mafuta ya kupima dukani mnaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuweka alama ya kalamu kwenye chupa yenu.

Nyumba nzima hupungua pamoja kwa njia hii, na hakuna anayepikiwa chungu chake pembeni. Yanayohitajika ni machache: mafuta yachotwe kwa kijiko, yasimiminwe, kitunguu kikianza kushika kiongezewe maji kidogo au nyanya, samaki wabanikwe au wapikwe mchuzi badala ya kukaangwa wakielea. Kwa sisi tunaopika kwa nazi, tui jepesi liivishe chakula, na lile zito liwe la kuunga mwishoni, kwa kiasi. Mchicha gramu 100 una kalori zisizofika 30. Unapotoka jikoni unang'aa mafuta, umeshabeba mzigo ambao si wake.

Baada ya hapo ndipo tunazungumzia ugali, na hatuufukuzi. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360, ukiwa dona au sembe. Dona hubaki na pumba na kiini, hivyo nyuzinyuzi zake huchelewesha njaa. Tatizo letu kubwa ni mlima wa ugali na vijiko viwili vya mboga. Igeuze sahani: nusu yake iwe mboga za majani, robo iwe maharage, dagaa, samaki, kuku au mayai, na robo inayobaki ndiyo ya ugali au wali. Protini hushibisha kwa muda mrefu na hulinda misuli wakati uzito unashuka. Sahani kama hii haihitaji duka la vyakula vya kigeni. Matembele, dagaa na maharage viko kwenye genge la mtaani.

Wanaokula sinia moja wana ugumu wao, maana hapo hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mgeni hasimami kabla ya wenzake. Nashauri mboga na kachumbari zijae upande wako, uanze na hizo, na ule taratibu. Shibe huchukua kama dakika 20 kufika kichwani.

Mazoezi nayo yana sifa yasizostahili na yanakosa sifa yanazostahili. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa haraka nusu saa anatumia kalori kama 150, sawa na ile soda moja. Anayekimbia alfajiri kisha akajizawadia chapati mbili na supu atashangaa mizani isiposogea. Hata hivyo, mwili unaotembea hushusha shinikizo la damu, huitumia sukari ya damu vizuri zaidi, hupunguza mafuta yaliyozunguka viungo vya tumboni, na huzuia kilo zilizotoka zisirudi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaweza kuzungumza ila huwezi kuimba, pamoja na siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Shuka daladala kituo kimoja au viwili kabla ya chako. Nyumbani chuchumaa na kuinuka, sukuma ukuta, inua ndoo ya maji.

Matunda ya kupungua na kutembea yamepimwa. Mwaka 2002 zilichapishwa Marekani takwimu za utafiti uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lililengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa; kwa waliopewa metformini, dawa ya kisukari, ilipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kitu. Huhitaji kurudi kwenye kilo za ujana wako ili mwili upate nafuu.

Kwetu kuna kikwazo ambacho vitabu vya lishe vya Ulaya havikigusi. Ukipungua, mtu wa kwanza kukuona atauliza unaumwa nini. Hofu hii ina chimbuko. Miaka ya 1980 UKIMWI ulipoingia Uganda na Kagera, wagonjwa walikonda mbele ya macho ya watu, na huko Uganda ugonjwa ukapewa jina la Slim. Nimeona akina mama wakiacha kila walichoanza kwa sababu ya maneno ya mawifi. Waambie wa nyumbani mapema unachofanya na sababu yake. Mwombe mumeo au dada yako mtembee pamoja. Maneno ya mtaa hupoa yakiona watu wawili.

Sasa lile baya zaidi. Chai nyingi za kuondoa tumbo zina sanamaki: unaharisha, unapoteza maji na chumvi, mafuta yanabaki palepale. Vidonge vingine vya kupunguza mwili vimekutwa na sibutramini bila kuandikwa kwenye boksi, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Msinunue.

Kufuatilia, tumia utepe wa fundi cherehani zaidi ya mizani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, mara moja kila wiki mbili. Mwanamke akifika sentimita 80 na mwanamume 94, hatari ya kisukari na ya magonjwa ya moyo imeanza kupanda.

Wapo wasiopaswa kuanza peke yao. Mjamzito asijipunguze. Anayenyonyesha azungumze kwanza na muuguzi wa kliniki. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwani dawa ikibaki ileile na chakula kikapungua, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Wa dawa za shinikizo naye apimwe mara kwa mara kadiri kilo zinavyotoka, huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. Na anayepungua bila kujaribu, akiwa na kikohozi kisichokoma, homa za jioni au kiu isiyoisha, aende hospitali wiki hiihii.