Bunduki ya mlinzi wako ilisafishwa lini?

NENGO, Rubavu – Mzee mmoja anayelinda stoo ya mizigo karibu na barabara iendayo Grande Barrière humaliza zamu yake alfajiri. Kabla ya kumkabidhi mwenzake bunduki, huzunguka nyuma ya stoo, upande usio na njia, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Haifungui. Nilimuuliza, mzee, mbona huitoi vipande vyote kama nilivyoona askari wakifanya? Alinijibu kwa swali: "Umeisikia ikipiga usiku?"

Sikuisikia. Kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kuifungua.

Wafanyabiashara wengi wanaovuka kati ya Gisenyi na Goma hawajawahi kushika bunduki na hawana haja nayo. Lakini hakuna siku wanayopita bila kuwa hatua chache kutoka kwenye mtutu wa mtu fulani: mpakani, benki, sokoni, au stoo anakolipa kodi ya kulaza magunia yake. Namna silaha hiyo inavyotunzwa ni jambo linalomhusu, ingawa hakuna anayemuuliza.

Mimi nililiona hilo miaka michache iliyopita katika mji mwingine wa mpakani. Mlinzi kijana aliketi kwenye uwanja wa bohari saa nne asubuhi, watu wakipakia mchele, akaanza kusafisha bunduki yake. Alivuta komeo, risasi moja ikaruka ikaanguka chini. Akaridhika. Akachomoa magazini, akaelekeza mtutu ukutani, akafyatua ili kuhakikisha ni tupu. Haikuwa tupu. Risasi ilipita kwenye gunia la tatu kutoka mwisho, shibiri moja na mkono wa mama aliyekuwa akihesabu pesa zake. Hakuumia. Mchele ulimwagika, na hakuna aliyemlipa.

Kosa lake lilikuwa la mpangilio tu. Magazini ikiwa bado imo, kila unapovuta komeo unatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Magazini hutolewa kwanza, ndipo komeo huvutwa, ndipo mtu huchungulia ndani ya chemba, na usiku huingiza kidole ahisi kama pana kitu. Kijana alikuwa na bidii, na aliambiwa aifungue kila siku. Alipata basi nafasi ya kukosea kila siku.

Sasa, ni mara ngapi inatosha? Mafundi wa silaha hawatofautiani sana kwenye jambo kuu. Bunduki iliyopigwa hufunguliwa na kusafishwa siku hiyohiyo. Isiyopigwa hufutwa nje mara kwa mara, na baada ya mvua hufutwa bila kungoja. Kuifungua ili kuangalia kutu na vumbi kwa ratiba, kila wiki au kila mwezi, kunategemea mahali ilipo. Vile vidude vya ndani, vya kifyatulio na springi zake ndogo, haviguswi na mlinzi. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kalashnikov, ambayo ndiyo wengi wetu huiona, hufunguliwa bila chombo chochote: kifuniko cha juu, springi, komeo na kibebeo chake, bomba la gesi, basi. Anayeijua huimaliza kwa chini ya dakika moja. Urahisi huo umezaa uvumi kwamba haihitaji kusafishwa kabisa. Wamarekani waliambiwa vivyo hivyo kuhusu M16 walipoipeleka Vietnam katikati ya miaka ya 1960. Baruti ikabadilishwa, vifaa vya kusafishia vikawa haba, na askari wakakutwa wamekufa kando ya bunduki zilizokwama. Mwaka 1967 Bunge lao lilichunguza jambo hilo.

Gisenyi ina jambo lake la ziada: unyevu. Ziwa Kivu liko chini ya miguu yetu, mvua hunyesha misimu miwili, na ng'ambo kuna Nyiragongo. Moshi wake una gesi ya salfa, na ikichanganyika na mvua huwa tindikali. Muulize yeyote aliyeezeka nyumba upande wa magharibi wa mlima huo mabati yake yalidumu muda gani. Chuma cha bunduki ni chuma tu. Anayelinda Kigali na anayelinda kando ya ziwa hawawezi kuwa na ratiba moja.

Risasi nazo huleta tofauti. Nyingi za zamani zilizotengenezwa katika nchi za Kambi ya Mashariki zina chumvi katika kiwashio chake. Zikipigwa, chumvi hiyo hubaki ndani ya mtutu, huvuta unyevu na kuanza kutafuna. Mafuta hayaiyeyushi, hata ukipaka kopo zima. Maji ya moto ndiyo huiondoa, kisha unakausha, kisha mafuta. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa sababu hukauka yakawa kama gundi.

Wazee wa hapa hawakuhitaji kufundishwa habari ya maji. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Gisenyi ilikuwa mpaka kati ya Wajerumani na Wabelgiji, na ilibaki mstari wa mbele hadi Wabelgiji waliposonga mbele mwaka 1916. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki walianza vita hivyo na bunduki za muundo wa 1871, za baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui alipo mpigaji, na masizi yake yasipooshwa kwa maji mapema, mtutu huoza.

Lakini kuna waharibifu wa aina ya pili, wale wanaosugua kupita kiasi. Fimbo ya chuma inayoingizwa na kutolewa ovyo hukwaruza mdomo wa mtutu, na hapo ndipo risasi hupata mwelekeo wake wa mwisho. Wapo pia wanaosugua nje mpaka namba inafutika. Hilo ni baya zaidi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Rwanda, Kongo, Burundi, Uganda, Kenya na Tanzania ni miongoni mwa waliotia saini, inazitaka nchi ziweke alama kwenye silaha ili ijulikane ni ya nani na imetoka wapi. Silaha isiyosomeka ni silaha isiyo na mwenyewe.

Na sisi wa mpaka huu tunajua silaha zisizo na mwenyewe zinavyofika. Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, zaidi ya askari 100 wa Kongo walivuka kuingia Rubavu na kukabidhi silaha zao. Siku hizohizo mabomu yalivuka mpaka na kuua raia upande huu. Wafanyabiashara waliofungiwa mpaka wanakumbuka zaidi hasara ya nyanya zilizooza, na siwalaumu.

Anayelipia ulinzi wa stoo ana haki ya kuuliza maswali machache, hata kama atatazamwa vibaya. Bunduki husafishwa saa ngapi, na wapi? Isiwe mchana, na isiwe mahali watu wanapopakia. Mlinzi hutembea na risasi kwenye chemba? Fundi aliikagua lini? Mwenye kampuni akishindwa kujibu swali la mwisho, magunia yahamie kwingine. Nami nisingekaa nikihesabu pesa mbele ya mtu mwenye kitambaa na mafuta.

Mzee wa Nengo hakuwa na haraka. Mwenzake alipofika, alielekeza mtutu kwenye tuta la udongo, akatoa magazini, akavuta komeo, akachungulia. Akaingiza kidole. Kisha akampa mwenzake, naye akarudia yote tangu mwanzo, huku mzee akimtazama mikono.