Seli shina za kinyweleo

Seli shina za kinyweleo ni seli zinazoishi ndani ya kinyweleo, yaani kijifuko kidogo cha ngozi ambamo unywele huota. Seli hizo zina uwezo wa kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Ndizo zinazowezesha unywele mpya kuota baada ya ule wa zamani kudondoka.

Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele takriban 100,000. Vinyweleo vyake huundwa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, na kwa kawaida havitengenezwi vingine baada ya kuzaliwa. Hivyo kila kinyweleo hutegemea akiba yake ya seli shina maisha yote.

Mahali zinapokaa

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba seli shina zimo katika tunguu, yaani sehemu nene iliyo chini ya kinyweleo, kwa sababu ndipo seli zinapojigawa kwa kasi. Mwaka 1990 George Cotsarelis, Tung-Tien Sun na Robert Lavker wa Marekani walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba seli zinazojigawa polepole sana hukaa juu zaidi. Zipo katika kivimbe kidogo, karibu na mahali ambapo msuli unaosimamisha unywele wakati wa baridi hushikamana na kinyweleo.

Ndani ya tunguu kuna papila, fungu la seli linalopeleka ishara kwa seli shina.

Mzunguko wa unywele

Kila kinyweleo hupitia hatua tatu:

1. Ukuaji (anajeni): kichwani huchukua miaka 2 hadi 6, na unywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi. Mkononi hatua hii ni fupi, ndiyo maana nywele za mkono hazirefuki.
2. Kunyauka (katajeni): kwa wiki 2 hadi 3 sehemu ya chini ya kinyweleo hufa, na papila huvutwa juu hadi karibu na kivimbe.
3. Mapumziko (telojeni): huchukua takriban miezi 3. Unywele wa zamani hatimaye hudondoka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida.

Mapumziko yanapokwisha, ishara za protini za Wnt huamsha seli shina, wakati zile za BMP, ambazo huzituliza, hupungua. Baadhi ya seli huzaa seli zinazoshuka chini na kujenga tunguu jipya. Nyingine hubaki kivimbeni kama akiba.

Ngozi ikijeruhiwa, seli za kivimbe husaidia pia kufunika kidonda.

Upotevu wa nywele

Dawa nyingi za kutibu saratani huua seli zinazojigawa kwa kasi, zikiwemo za tunguu, hivyo nywele hunyonyoka. Seli shina zilizotulia kwa kawaida hunusurika, ndiyo sababu nywele huota tena matibabu yakiisha.

Katika kipara cha wanaume, homoni huvifanya vinyweleo visinyae na kutoa nywele nyembamba mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba seli shina bado zipo katika ngozi ya kipara, lakini seli zinazozaliwa nazo zimepungua.

Mvi zina chanzo kingine: hutokea pale akiba ya seli shina za rangi, ambazo nazo hukaa kinyweleoni, inapopungua.

Hali huwa tofauti kivimbe chenyewe kikiharibiwa na kovu, kwani unywele hauoti tena. Kusuka nywele kwa kukaza sana kwa miaka mingi kunaweza kuleta madhara hayo, hasa pembezoni mwa paji la uso. Mwanzoni, kabla ya kovu kujengeka, kulegeza misuko huwezesha nywele kurudi.