Usimpige Anayeleta Habari
Masomo ya uongozi kutoka kwa mbwa wa Kibiti

Katika vijiji vya Kibiti na delta ya Rufiji mbwa hafugwi kwa ajili ya kupendezesha ua. Kazi yake iko shambani. Mkulima wa mpunga au mahindi hulala kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kwa majuma mengi ili kufukuza nguruwe pori, nyani na tumbili. Mbwa ndiye mwenzake wa zamu.

Wala hatari si ya mazao peke yake. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu wapatao 35 katika vijiji vya Rufiji, mpaka alipouawa Aprili 2004. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania. Mashambulizi mengi yalitokea wakati wa mavuno. Nguruwe pori hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na hapo humkuta mkulima amelala kwenye dungu lisilo imara. Basi thamani kubwa ya mbwa wa huku ni kutoa habari mapema.

Nilivyomfundisha mbwa kunyamaza

Nilipohamia Kibiti kuratibu mradi wetu, nilipata mbwa mdogo nikamwita Simba. Alikuwa mwepesi wa kubweka. Usiku mmoja alibweka mara tatu, nikatoka na tochi, nisione kitu. Nilimwita. Alisita, kisha akaja akitikisa mkia, nami nikamchapa fimbo. Nilifanya hivyo siku kadhaa.

Baada ya mwezi mmoja nguruwe waliingia kwenye mihogo yangu na kuimaliza matuta mawili. Simba alikuwa amelala chini ya mwembe, wala hakubweka. Nilipomwita alikimbilia nyuma ya nyumba.

Nilimlalamikia mzee mmoja jirani, mkulima aliyefuga mbwa wa shamba maisha yake yote. Alicheka, akaniuliza, "Mwanangu, ulipomchapa alikuwa anafanya nini?" Nikajibu, "Alikuwa anakuja kwangu." Akasema, "Basi umemfundisha kwamba kuja kwako ni kosa. Na kubweka umemfundisha kwamba ni kosa. Sasa unataka nini tena?"

Hapo nilielewa. Mbwa hajui sababu iliyo kichwani mwako. Huunganisha adhabu na kile anachofanya dakika ile ile. Ukimchapa amekuja, hujamwadhibu kwa kuchelewa, umemwadhibu kwa kuja.

Ofisini mambo ni yale yale

Mwanadamu si mbwa, ana akili na utu, na hastahili fimbo. Lakini jambo hili moja tunafanana. Mwaka ule tulikuwa tunapanda mikoko na vikundi vya vijiji vya delta. Afisa wetu mmoja alikuja kuniambia kwamba miche mingi imekufa, kwa sababu tuliipanda mahali pa chini mno ambapo maji hukaa muda mrefu. Nilimfokea mbele ya wenzake. Nilidhani ninakemea uzembe.

Msimu uliofuata miche ilipandwa tena mahali pale pale. Vijana wote wa ofisi walijua. Wanakikundi, ambao wanajua maji ya bamvu kuliko sisi, walijua pia. Hakuna aliyeniambia, na taarifa za kila mwezi ziliandikwa "kazi inaendelea vizuri". Nilipokwenda mwenyewe kwa boti nilikuta tope tupu. Tulipoteza msimu mzima, na akina mama waliobeba miche ile mabegani walipoteza imani nasi. Kosa la kwanza lilikuwa la upandaji. La pili, lililo kubwa zaidi, lilikuwa langu.

Kuna ukimya mwingine niliochelewa kuuona. Simba alizoea kulala kwenye baraza la ofisi. Wenzangu wengi ni Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Walihamishia mazungumzo yao chini ya mti, nami nikadhani wanapenda upepo. Nilipomuuliza mhasibu wetu, akaniambia kwa upole, "Bosi, tuliona aibu kukuambia." Siku hiyo hiyo nilimjengea Simba kibanda nyuma ya nyumba.

Tuliyobadilisha

1. Anayeleta habari mbaya hushukuriwa kwanza. Kosa lenyewe huzungumzwa baadaye, tukiwa wawili, faraghani.

2. Kila Jumatatu kila mmoja hutaja jambo moja lililokwenda vibaya. Mratibu ndiye anayeanza na la kwake.

3. Kanuni ni moja kila siku. Kiongozi anayecheka leo na kufoka kesho kwa jambo lile lile huwafundisha watu kuchungulia uso wake badala ya kuangalia kazi.

4. Anayelinda naye alindwe. Mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa usisambae. Ofisini, hakuna mfanyakazi anayepanda boti bila jaketi la kuokolea maisha.

Simba ilimchukua miezi mingi kuanza kubweka tena. Kila alipobweka nilitoka, na hata nisipoona kitu nilimpapasa kichwani. Wafanyakazi walichukua muda mrefu zaidi. Imani huvunjwa kwa dakika moja, lakini hurudi polepole.

Maswali ya kujadili katika kikundi chako

• Ni lini mara ya mwisho mtu alikuletea habari mbaya? Ulimjibu nini?

• Je, kuna jambo ambalo watu wote wa ofisi au kikundi chako wanalijua, isipokuwa kiongozi?

• Kama taarifa zako zote zinasema "vizuri", utakwenda kuhakikisha wapi wiki hii?